Kufanya Kazi kwa Kusudi, si kwa Malipo Peke Yake: Mwongozo kwa Karani wa Mizani

Kabla ya kuzungumzia kusudi, maliza kwanza hesabu ya fedha. Andika katika daftari kodi ya chumba, chakula, nauli na ada za watoto, ujue kiasi kinachokutosha, kisha ukidai kwa mwajiri bila haya. Anayelala akiwaza deni la dukani haambiwi aipende kazi, na mwajiri anayesema "kazi hii ni wito" kila tarehe ya mshahara inapokaribia anastahili kutiliwa shaka.

Ukishavuka hapo, ifuate kazi yako hadi inakoishia. Tumchukue karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika cha wakulima huko Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Tangu asubuhi anapima magunia na kuandika namba, na namba hazina ladha. Lakini katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika Mtwara mwaka 2007, korosho hukusanywa chamani, hupelekwa ghala kuu, huuzwa mnadani, ndipo mkulima hulipwa kupitia benki. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, kuna mama atakayekwenda benki mara tatu mwezi Januari, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Karani huyo na amfuatilie mkulima mmoja tu, tangu siku ya kupima hadi siku fedha zinapoingia, aulize na zimetumika kwa shughuli gani. Baada ya hapo, hata mwandiko wake utabadilika.

Kisha chagua swali moja liwe lako. Kwa nini, kwa mfano, korosho za kijiji fulani huangukia daraja la pili? Uliza zimeanikwa wapi, zimekaa siku ngapi chini ya mkorosho kabla ya kuokotwa, zimehifadhiwa katika chombo gani. Andika majibu katika daftari la pekee, linganisha msimu kwa msimu, na unapokwama wafuate watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ambao korosho ni miongoni mwa shughuli zao. Swali la namna hii huifupisha siku ya mizani kuliko posho (nayo posho isikataliwe).

Jihadhari, hata hivyo, usikitie bei kila unachokifurahia. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alichapisha majaribio ambamo aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kupanga: waliokuwa wamelipwa kwa kila fumbo walielekea, malipo yalipokoma, kuyashughulikia kwa muda mfupi zaidi walipoachwa wafanye wapendavyo. Kwa hiyo usimwombe meneja akulipe kwa ajili ya daftari lako. Mwombe nusu saa kila Ijumaa ya kulijaza, na nafasi ya kuwasomea wakulima ulichokiona, katika mkutano mkuu wa chama, kabla mikorosho haijaanza kutoa maua.