Kupima usikivu wa watoto shule za vijijini Dodoma, tunavyofanya sisi

Wengi mnaoanza utafiti wa masikio naona mnaanza kuulizia mashine ya kupima usikivu, ipi nzuri, inauzwaje. Mashine itapatikana. Jiulize kwanza hivi, nikikuta mtoto hasikii au sikio linatoa usaha nampeleka wapi? Kama huna jibu usiende kijijini kwanza, kaongee na mganga mkuu wa wilaya na watu wa kliniki ya masikio, pua na koo pale mjini wakwambie siku zao za kuona watoto, maana kumwambia mama mwanao ana tatizo halafu unapanda gari unaondoka, hapo hujamsaidia, umemuumiza.

Vibali mnavijua, cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), barua ya mkoa, ya halmashauri, afisa elimu. Ila karatasi peke yake haitoshi. Oktoba 2016 pale kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino hapahapa Dodoma, watafiti wa udongo kutoka Arusha na dereva wao waliuawa na wananchi waliodhani ni wanyonya damu, watu waliokuwa kazini kabisa kama mimi na wewe. Kwahiyo sisi siku kadhaa kabla anatangulia mtu anaripoti kwa mtendaji na mwenyekiti, mkutano unaitishwa, mashine inatolewa kwenye begi watu waishike, na wa kwanza kupimwa huwa ni mwenyekiti mwenyewe mbele ya watu wote, waone hakuna sindano wala damu. Salimia mbukwenyi hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Halafu ridhaa ya mzazi, asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi aweke dole gumba, na mtoto naye umuulize, asivutwe tu mkono.

Siku ya kupima wahi. Mwezi wa saba na wa nane upepo wa huku jua likishapanda bati zinalia mpaka unashindwa kusikia mwenzako, na sauti unayompa mtoto ni ndogo sana. Omba stoo au ofisi iliyo mbali na darasa la kwanza (wale wanaimba asubuhi nzima), pima kelele za chumba, zikizidi desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) simama usubiri. Ukilazimisha utaandika watoto wazima kuwa hawasikii na data yako yote haina maana.

Angalia ndani ya sikio kwanza, kabla ya hedifoni. Nta imejaa, punje ya maharage, usaha, yote hayo yanabadilisha majibu. Hedifoni nyekundu sikio la kulia, bluu kushoto, nywele na hereni zisikae katikati. Mtoto umkalishe asione mkono wako, wajanja hawa, wanasoma kidole kinavyobonyeza. Kunyoosha mkono wengi wanaona aibu, sisi tunawapa punje za mahindi na kikombe cha plastiki, ukisikia mlio dondosha moja. Anza na mlio mkubwa ajifunze mchezo, ndo ushuke mpaka desibeli 30 kwa hezi (wembamba wa mlio) 1000, 2000 na 4000, kila sikio peke yake, na mpishano wa milio usiwe sawasawa asije akaanza kuotea. Yupo binti alikaa na punje yake mkononi kaikamata kweli, ananiangalia usoni, anasubiri, na mlio nilishapiga mara tatu. Darasani anakaa nyuma kabisa na mwalimu alikuwa anadhani ni mzito wa kuelewa. Aliyeshindwa usimwandike hapohapo, mrudie baadae chumba kikitulia.

Usaha ndo utakutana nao sana, na wazazi wengi wanaambiana ataacha akikua. Waelekeze kwa vitendo, mama ashike mwenyewe: kitambaa safi laini cha pamba, kisokote kama utambi, ingiza taratibu, acha dakika moja, toa kilicholowa weka kingine mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku. Njiti ya kiberiti hapana, mafuta hapana, kuoga lamboni hapana. Usaha uliofikisha wiki mbili unahitaji na matone ya siprofloksasini kwa wiki mbili, ayapate kwa mtaalamu zahanati, asijinunulie matone yoyote dukani maana kama kiwambo (ngoma ya sikio) kimetoboka dawa nyingine zinaua usikivu uliobaki. Ukikuta uvimbe unauma nyuma ya sikio acha kupima, huyo anaenda hospitali leoleo, na gari ni lako.

Kwenye daftari acha safu pembeni ya kila aliyeshindwa, andika nani atampeleka, siku gani, nauli inatoka wapi. Ukirudi baada ya wiki mbili anza na hiyo safu kabla hujafungua begi la mashine.