Namna ya kukabidhi duka ukiwa bado unaulizika

Jumatatu baada ya kumzika baba tulifungua duka pale Kamukunji, soko la mafundi wa chuma jijini Nairobi, saa moja asubuhi kama kawaida. Wateja walikuja, masanduku ya shule yakanunuliwa, pesa zikaingia kwenye tili ya M-Pesa, ile namba ya kupokelea malipo kwa simu, na hakuna aliyeweza kuzitoa. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba ya siri alikwenda nayo. Ilipofika Jumamosi mafundi walijipanga mlangoni wakitaka chao. Nikakopa kwenye chama changu cha kuweka akiba ili niwalipe, huku simu ya marehemu ikiendelea kulia kila mteja alipolipa. Hiyo ilikuwa 2016. Leo nina miaka 61 na watoto watatu, na huu ni mwaka wa nne tangu nianze kulikabidhi duka lile lile. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Anza na yaliyomo kichwani mwako, kabla hujamtafuta wakili na kabla hujamtazama mtoto yeyote usoni. Nunua daftari, kisha kwa mwezi mzima, kila unapoulizwa jambo dukani, andika swali na jibu ulilotoa. Nilidhani nitajaza kurasa tatu. Nilimaliza daftari la kurasa 96. Mle ndani yumo mama wa Mwingi anayechukua masanduku 40 mwezi wa kumi na mbili na kulipa Februari, hajawahi kuchelewa. Yumo fundi hodari wa bawaba ambaye pesa zake lazima zipitie kwa mkewe, la sivyo hatumwoni mpaka Jumatano. Yumo karani wa Industrial Area anayetuachia mabati ya geji 30 kwa mkopo wa siku 30. Yamo hata maneno tuliyoafikiana na jirani, kwa mdomo tu, kuhusu maji ya mvua yanayoshuka kwenye ukuta wetu.

Madeni yape kurasa zake. Baba alipoondoka, waliokuwa wakitudai walikuja wote, tena na karatasi mkononi. Tuliokuwa tukiwadai, nusu yao walisema, "Lakini nilimlipa mzee mwenyewe." Ungebisha vipi? Siku hizi kila deni lina kiasi, tarehe na sahihi ya mdaiwa, na mdaiwa anamjua mtoto atakayekuja kumdai. Nilipanda basi na binti yangu mpaka Mwingi tukala chakula cha mchana kwa yule mama. Tangu siku hiyo simu za Mwingi haziji kwangu.

Sasa, nani ashike? Wazee wetu hutazama kifungua mimba, na wangu ana digrii ya uhasibu, kwa hiyo kila mtu alidhani jambo limekwisha. Sikutangaza chochote. Nilimpa kila mmoja msimu wake: anunue mabati Oktoba, awagawie mafundi kazi, auze mpaka shule zifunguliwe Januari. Mwanangu aliweka hesabu safi kabisa, ila mafundi watatu walimkimbia kabla ya Krismasi kwa sababu alikuwa akiwakata pesa kwa kila mkwaruzo. Mwaka uliofuata binti yangu aliuza zaidi, akapoteza nusu ya risiti. Basi yeye anaongoza, kaka yake anashika vitabu, na hakuna anayetoa pesa benki bila sahihi ya mwenzake. Kitinda mimba ni muuguzi, hataki kusikia harufu ya chuma. Ana hisa, na faida ikipatikana anapata sehemu yake, ila hana amri juu ya bei ya sufuria. Wale wawili wanaoshinda dukani wanalipwa mshahara, na ndugu wote wanajua ni kiasi gani. Zamani mwenye shida alikuwa akifungua droo tu.

Karatasi nitazisema kwa ufupi, maana wakili utamlipa hata hivyo. Duka la baba lilikuwa jina la biashara tu. Mbele ya sheria jina hilo na yeye walikuwa kitu kimoja, ndiyo maana akaunti ilifungwa alipofariki. Sisi tumesajili kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Tangu Sheria ya Makampuni ya 2015 hata mtu mmoja peke yake anaweza kuwa na kampuni, nayo haifi mwenye hisa akifa. Hisa zenyewe zinahitaji wosia: uandike, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote ndani yake. Usipouacha, mahakama ndiyo itakayoamua nani apewe mamlaka ya kusimamia mirathi. Uwe umeacha wosia au la, kuna tangazo kwenye Gazeti Rasmi na siku 30 za pingamizi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla mgawanyo haujathibitishwa. Kugusa mali ya marehemu kabla ya kupata mamlaka hayo ni kosa la jinai, na naona sisi tulilitenda kila siku ya ile wiki ya kwanza. Halafu usimruke binti kwa sababu ameolewa. Sheria ya Urithi haibagui mtoto wa kike, na anayekutegemea ukimwacha mikono mitupu anaweza kwenda kortini.

Ukishaamua, waambie wote siku moja. Nilichagua Jumapili ya Agosti, nyumbani Kayole, pasipo harusi wala matanga. Wakwe sikuwaita. Nawapenda, lakini siku hiyo haikuwa yao. Nilimwita kaka yangu awe shahidi, kwa kuwa watoto wanamjua mjomba wao hanyamazii jambo. Mwanangu alinuna majuma mawili. Heri anune nikiwapo, aje aniulize kwa nini, na alikuja.

Kisha ondoka. Hapa wengi wetu tunakwama. Mara ya kwanza nilikwenda Murang'a siku tatu nikapiga simu dukani mara kumi na moja. Mara ya pili nilikaa wiki mbili nikipalilia mahindi, simu yangu imezimwa mchana kutwa. Niliporudi nilikuta mabati yamewaishia: hakuna aliyejua kwamba yule karani hupigiwa kabla ya Jumatano, la sivyo mzigo hauji wiki hiyo. Hilo nilikuwa sijaliandika. Nilinunua daftari la pili, na sasa kila nikirudi naandika kilichoharibika, wala simsahihishi mtoto mbele ya mafundi.

Januari iliyopita fundi mmoja mzee, aliyeanza kazi na baba, alinivuta kando akaninong'oneza kwamba malipo ya fundi kwa kila kipande yaongezwe. Jibu lilikuwa limenifika mdomoni. Nikamwonyesha kwa kidole alipoketi binti yangu. Alisimama kidogo, akavua kofia, akaenda. Jumamosi nilimwona akihesabu pesa zake mlangoni, na sikumuuliza walikubaliana ngapi.