Kidonge, karatasi na kisa chako: jinsi ya kupunguza makali ya kumbukumbu mbaya

Kwanza tuelewane, hii tiba ya kumeza kidonge halafu kusoma kisa chako kibaya haifuti kumbukumbu. Kama ulipata ajali utaikumbuka vizuri tu, ila lengo ni moyo usiruke kila ukisikia breki. Na sio ya kujifanyia geto peke yako, nasema mapema maana najua kuna mtu ashaanza kusaka vidonge.

Iko hivi. Zamani wataalamu walijua kumbukumbu ikishaganda imeganda. Mwaka 2000 huko New York, Karim Nader na wenzake wakaonyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ukiiamsha inalegea kwa muda, kama sukari guru ukiipasha moto, halafu inaganda upya. Sasa ukiiwahi ikiwa imelegea, inaweza kuganda bila makali yote. Alain Brunet wa Montreal, Kanada akaipeleka kwa watu wenye kiwewe, yaani hofu isiyoisha baada ya tukio baya, na dawa aliyotumia ni propranololi, ile ile ya presha na moyo ya miaka nenda rudi.

Cha kwanza ni daktari, hapo sitanii. Kama una pumu propranololi inaweza kukubana kifua vibaya mno, na kama presha yako iko chini, mapigo ya moyo ni ya polepole au unatumia dawa za sukari, mwambie yote kabla hajaandika chochote.

Siku ya kwanza ni kuandika, na hapa ndo penye kazi. Ukurasa mmoja tu, kama vile jambo linatokea sasa hivi. Sio "nilipata ajali mwaka juzi", andika "nipo nyuma ya boda, nasikia breki, mdomo umekauka, mikono jasho, naona taa za lori zinakuja". Mwili unasikia nini, hiyo usiiruke hata kama inauma, maana ukiandika kama maelezo ya polisi kumbukumbu haiamki, na isipoamka dawa inakuwa haina cha kushika.

Baada ya hapo ni mara moja kwa wiki. Unameza kidonge, unasubiri dakika 60 hadi 90 dawa iingie kwenye damu, ndo unasoma ule ukurasa kwa sauti mbele ya mtaalamu. Kulia ruksa. Mimi ningesema nenda na ndugu wa kukurudisha nyumbani, kizunguzungu na uchovu vipo, usijifanye komando ukapanda pikipiki mwenyewe.

Jaribio la Brunet na wenzake lililotoka 2018 lilikuwa la wiki 6, watu 60 waliokaa na kiwewe muda mrefu, na waliopewa dawa halisi walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge cha danganya toto kisicho na dawa ndani. Watu 60 sio wengi lakini, na maabara nyingine zimejaribu mambo ya aina hii zikakosa matokeo yale yale. Kwa hiyo kama hospitali yako haina huduma hii wala usikate tamaa, ulizia tiba ya mazungumzo ya kiwewe, hiyo ina ushahidi mwingi zaidi na haihitaji kidonge.

Utajuaje inakukubali? Sikiliza sauti yako unaposoma. Wiki ya kwanza unakwama kwenye zile taa za lori, huko mbele unafika pale pale unapita tu, kama unamsomea jirani barua yake.