Maandalizi ya pambano la kwanza la ndondi za ridhaa

Bondia anayepanda ulingoni kwa mara ya kwanza huogopa zaidi ngumi za mpinzani, ilhali kinachowaangusha wengi ni pumzi. Mtu anayepiga begi raundi 6 jimuni bila taabu hujikuta, katikati ya raundi ya pili, mikono imekuwa mizito kama mawe na miguu haimtii, ingawa mpinzani hajamgusa vya kutosha kumchosha kiasi hicho. Sababu yake inajulikana: kengele inapolia mwili humwaga adrenalini, mabega hukazwa, pumzi hubanwa, na makonde hutupwa kwa nguvu zote tangu sekunde ya kwanza, hata akiba ya raundi nzima inaisha ndani ya dakika moja. Kwa hiyo maandalizi yana kazi mbili, kuyafundisha mapafu na kuuondoa ugeni, nami naona ya pili ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Kabla ya yote, uamuzi wa kupigana uachiwe kocha, kwa kuwa bondia mwenyewe ama hujikweza ama hujidharau. Kocha mwenye busara hatazami ukali wa ngumi zako kwenye begi. Hutazama kama unafumba macho unaporushiwa konde, kama mkono uliopiga unarudi kulinda kidevu, na kama ukipigwa barabara unaendelea kufuata mpango au unaanza kurusha ovyo kwa hasira. Utahitaji pia kusajiliwa na chama cha ndondi kinachohusika na kupimwa afya na daktari, mambo ambayo yaanzwe mapema kwa sababu karatasi huchelewa. Mpinzani akishapatikana, uliza umri wake, uzito wake, na hasa idadi ya mapambano aliyokwisha kupigana. Kukataa pambano lisilo na uwiano si woga, na kocha anayekuharakisha ukapambane na mtu mwenye uzoefu mkubwa anastahili kuulizwa maswali.

Ukishakubali, wiki 8 za mazoezi makini zinatosha kwa mtu ambaye tayari yumo mazoezini mara kwa mara. Wiki za mwanzo zijengwe juu ya mbio ndefu za mwendo wa wastani, kisha polepole nafasi yake ichukuliwe na mbio fupi za kasi zinazofanana na pambano lenyewe. Watu wazima wa ngazi ya juu hupigana raundi 3 za dakika 3 kila moja, na mapumziko ya dakika 1 kati yake, lakini wanaoanza mara nyingi hupewa raundi fupi zaidi. Ulizia mapema, kisha panga mbio, kamba, begi na padi zako (mito anayoshika kocha ili uipige) zifuate muda huohuo wa raundi na mapumziko. Mwili hujifunza urefu wa raundi. Bondia aliyezoea muda huo hujua, bila kuambiwa, kwamba zimebaki sekunde 30 na kwamba huu ndio wakati wa kuongeza kasi.

Sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, ndiyo mahali pa kuuondoa ugeni niliousema. Usipigane na rafiki yuleyule kila jioni, maana umeshamjua na amekujua; omba upelekwe kwenye jimu nyingine, ukutane na mrefu, mfupi, anayekuja mbele bila kusita, na anayetumia mkono wa kushoto. Angalau mara mbili au tatu fanya sparingi kama pambano kamili: vaa fulana, kofia ya kinga na vifaa vyote utakavyovaa siku hiyo, mtu asimame kama mwamuzi na kutoa amri, na watu wengine wazunguke ulingo wakipiga kelele. Kumbuka pia tofauti ya glovu. Kwenye sparingi wengi huvaa za aunsi 14 au 16, lakini kwenye mashindano ni za aunsi 10 au 12 kulingana na uzito na kanuni, na glovu ndogo hupenya mahali ambapo ile kubwa ingezuiwa. Aliyezoea kujificha nyuma ya glovu kubwa na kungoja mvua ipite hushangaa kuona makonde yanamfikia usoni, hivyo ajizoeze kukwepa kwa miguu na kiwiliwili. Sparingi nzito ikome siku 7 hadi 10 kabla ya pambano. Uzima haujengwi wiki ya mwisho; kinachoweza kupatikana wiki hiyo ni jeraha tu.

Kuhusu ufundi, usijifunze jambo jipya. Ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, ngumi hiyo ikifuatwa na ya mkono wa nyuma, hatua ya kutoka pembeni baada ya kupiga, na ulinzi unaorudi mahali pake vinatosha kushinda pambano la kwanza, mradi vifanyike vizuri mtu akiwa amechoka. Hapa inafaa kuelewa majaji wanatafuta nini. Katika fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Roy Jones Jr. wa Marekani alinyimwa ushindi dhidi ya Park Si-hun wa Korea Kusini kwa uamuzi uliolalamikiwa kote duniani, na katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 majaji walianza kuhesabu ngumi kwa kubonyeza vitufe vya kompyuta. Utaratibu huo uliachwa mwaka 2013, ukaletwa ule wa pointi 10, ambapo mshindi wa raundi hupata 10 na mwenzake 9 au pungufu. Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, kila raundi inahesabiwa peke yake, kwa hiyo aliyepoteza ya kwanza hajapoteza pambano. Pili, jaji huthamini ngumi safi iliyofika kwa sehemu ya mbele ya glovu, usoni, ubavuni mwa kichwa au kwenye kiwiliwili juu ya mkanda. Makonde 10 yaliyoishia kwenye glovu za mpinzani hayana thamani ya moja lililoonekana wazi likitua.

Kanuni zenyewe si nyingi, ila zinasahaulika kwa urahisi moyo unapodunda. Mwamuzi akiamuru kusimama, acha papo hapo hata kama mkono ulikuwa njiani. Akiwaamuru mwachane, rudi nyuma hatua moja kamili kabla ya kupiga tena. Makosa yanayowaponza wageni ni kupiga kwa kiganja, kumshika mpinzani, kuinamisha kichwa chini ya mkanda wake, na kumpiga kisogoni anapogeuka. Mwamuzi akikuhesabia, hesabu itafika 8 hata ukiwa wima na mzima, kwa hiyo usimbishie. Inua mikono, mtazame machoni, na utumie sekunde hizo kuvuta pumzi. Kuhesabiwa si kushindwa.

Sasa suala la uzito, ambalo ningependa lichukuliwe kwa uzito kuliko linavyochukuliwa. Katika pambano la kwanza, pigana kwa uzito unaotembea nao, au usiozidi kilo moja au mbili juu ya kikomo cha daraja lako la uzito, ambazo zitapungua zenyewe kwa mazoezi na chakula cha kiasi. Mabondia wa kulipwa mnaowaona wakijikausha kwa jasho hupimwa siku moja kabla na kupata muda wa kurejesha maji. Katika ridhaa, mara nyingi upimaji hufanyika asubuhi ya siku ileile. Aliyejikausha huingia ulingoni na damu nzito, misuli isiyo na nguvu na ubongo uliopungukiwa maji, na hilo la mwisho si jambo la kuchezea kwa mtu anayekwenda kupigwa kichwani. Jipime kwenye mzani uleule, saa ileile, tangu wiki ya kwanza. Baada ya kupimwa rasmi, kula chakula cha wanga usichokuwa na mashaka nacho, saa 3 au 4 kabla ya pambano, na unywe maji kidogo kidogo.

Vifaa vikaguliwe mapema. Kinga ya meno iwe imefinyangwa kufuata meno yako na uwe umefanya sparingi nayo, kwa sababu anayeivaa kwa mara ya kwanza siku ya pambano hupumua kwa shida. Isiwe nyekundu, maana rangi hiyo huificha damu na kanuni za mashindano huikataa. Kinga ya kinena ikae bila kupanda unaporuka. Kofia ya kinga, iliyoondolewa kwa wanaume wa ngazi ya juu mwaka 2013 lakini ikabaki kwa wengi wanaoanza, hupunguza michaniko ya ngozi, ila haizuii ubongo kutikisika, hivyo isikupe ushujaa wa bure.

Bandeji hufungwa vidole vikiwa vimetanuliwa: kitanzi kwenye dole gumba, mizunguko kadhaa ya kifundo cha mkono, kisha juu ya mafundo ya vidole, na kurudi kifundoni. Kunja ngumi kila baada ya mizunguko michache. Bandeji ikilegea mkono ukiwa wazi na kukaza vyema ngumi inapokunjwa, imekaa. Vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, ifungue uanze upya.

Siku yenyewe ni ya kusubiri. Utapimwa, daktari atakuangalia, kisha utakaa saa nyingi huku ratiba ikibadilika. Kaa chini, tulia, usizunguke ukumbini kutazama kila pambano, kwani kushangilia nako kunachosha. Ukianza kupiga miayo, kwenda haja ndogo kila mara na kuhisi miguu mizito, usidhani umeumwa. Ndivyo wasiwasi unavyojionyesha, na kuna uwezekano mkubwa mpinzani wako naye yuko hivyohivyo. Dakika kama 30 kabla ya zamu yako anza kupasha mwili: kamba, ngumi za hewani, halafu padi kwa kasi ya pambano hadi jasho litoke. Ukipanda ulingoni ukiwa mkavu, raundi ya kwanza ndiyo itakuwa mazoezi yako ya kupasha mwili.

Kengele ikilia, sekunde 30 za mwanzo zitumie kwa mkono wa mbele na miguu tu, na utoe pumzi kwa kila konde. Anayetoa pumzi hawezi kuibana. Mapumziko yana utaratibu wake: kaa, acha kinga ya meno itolewe, vuta pumzi ndefu kupitia puani, sukutua na unywe funda dogo, kisha msikilize kocha peke yake. Sauti za ndugu na marafiki jukwaani ziache zilivyo. Mkubaliane tangu mapema kwamba kocha atakupa agizo moja, si matano, na kwamba akiona umezidiwa atakusimamisha bila kukuuliza.

Uamuzi ukishatangazwa, salimia mpinzani na kona yake (kocha na wasaidizi wake), kisha nenda kwa daktari hata kama huhisi kitu. Siku inayofuata usikae peke yako: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida au kuchanganyikiwa ni sababu ya kwenda hospitali mara moja. Aliyesimamishwa kwa ngumi za kichwa hupewa mapumziko ya lazima, kwa kawaida yasiyopungua siku 30, na muda huo unahusu sparingi pia, si mashindano tu. Wengine warudi kwenye mazoezi mepesi baada ya siku chache, na video ya pambano itazamwe pamoja na kocha pale ambapo furaha au uchungu umeshapoa, mkianza na miguu, kwa kuwa makosa mengi ya mikono huanzia huko.