Kuiandaa Gereji na Sehemu ya Kuoshea Magari kwa Ukaguzi wa Mazingira, Dar es Salaam

Mkaguzi wa mazingira akiingia gereji hufuata maji. Huyatazama yanapotoka kwenye bomba la kuoshea, yanapopita na yanapoishia: kwenye chemba ya kutenganisha mafuta, kwenye shimo la majitaka, au kwenye mtaro wa barabara unaoelekea Mto Msimbazi au Mto Sinza. Kisha hutafuta oili chafu ilipo. Karatasi huja mwisho, na huulizwa ili kuthibitisha yale ambayo macho yameshaona. Kwa hiyo jiandae kwa kanuni moja: kila kinachotoka uwanjani kwako kiwe na njia inayojulikana na karatasi inayoonyesha kilifika wapi.

Msingi wa kazi hii ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Mkaguzi anaruhusiwa kuingia eneo la biashara saa zinazofaa, kupitia kumbukumbu na kuchukua sampuli. Anaweza kuja bila taarifa, hasa majirani wakilalamika. Ukipewa tarehe, hiyo ni nafuu, usiipoteze. Gereji ambayo haijawahi kujiandaa inahitaji wiki sita hivi, kwa sababu kujenga chemba na kusubiri majibu ya maabara huchukua muda usioweza kuufupisha kwa fedha.

Anza na cheti

Toa cheti chako cha mazingira ukisome neno kwa neno. Angalia jina la mmiliki, eneo, na shughuli zilizotajwa. Makosa matatu hujirudia. La kwanza, jina kwenye cheti si lile lililo BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara, na kwenye leseni ya biashara, kwa sababu biashara iliuzwa na mnunuzi akadhani cheti kinahama pamoja na mashine. Hakihami chenyewe, ni lazima kuomba kihamishwe. La pili, cheti kinataja gereji tu, nawe umeongeza kuosha magari au kupiga rangi. Shughuli mpya inaleta uchafuzi mpya ambao haukutathminiwa, kwa hiyo liarifu Baraza kwa maandishi kabla ya ukaguzi. La tatu, ada ya mwaka haijalipwa. Ilipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, na stakabadhi uiweke kwenye jalada. Usimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu, hata akikuonyesha kitambulisho.

Nyuma ya cheti kuna masharti, na wengi hawajawahi kuyafungua. Chora jedwali lenye safu mbili: kushoto sharti kama lilivyoandikwa, kulia ushahidi wako. Sharti likisema majitaka yapimwe, kulia iandikwe tarehe ya kipimo na ukurasa wa ripoti ya maabara. Penye nafasi tupu ndipo penye kazi yako ya wiki zinazofuata. Fanya vivyo hivyo kwa Mpango wa Usimamizi wa Mazingira uliokuwa ndani ya ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, maana ahadi ulizotoa mle zinakufunga.

Kama gereji inafanya kazi na haina cheti kabisa, njia yake ni ukaguzi wa mazingira wa mradi uliopo, ambao ni tofauti na ziara ya mkaguzi. Tafuta mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa, na umwombe cheti cha usajili cha mwaka huu kabla ya kumlipa. Yeye atausajili mradi kwenye mfumo wa kielektroniki wa NEMC, atapima hali ya eneo, atazungumza na majirani na viongozi wa mtaa, kisha ataandaa ripoti. Baraza litatembelea eneo, ripoti itapitiwa, na utapewa maoni ya kurekebisha. Usiache mtaalamu aandike ripoti bila kufika. Ripoti inayotaja chemba ambayo haipo ni mbaya kuliko ripoti inayokiri kwamba haipo na kutoa tarehe ya kuijenga.

Chemba ya kutenganisha mafuta

Hapa ndipo gereji nyingi za Dar es Salaam hukwama, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Chemba inayofanya kazi ina vyumba vitatu. Cha kwanza hutuliza mchanga na tope. Cha pili huyapa mafuta muda wa kupanda juu. Cha tatu kina maji yaliyobaki, na ndipo sampuli huchukuliwa. Ukubwa hupatikana kwa hesabu nyepesi. Chukua lita 200 kwa gari moja linalooshwa kwa mpira, kisha zidisha kwa idadi ya magari katika saa yenye kazi nyingi kuliko zote. Magari sita ni lita 1,200 kwa saa. Ili maji yakae saa nzima katika chumba cha pili, kifanye kiwe na urefu wa mita 1.2, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1. Chumba cha kwanza na cha tatu vinaweza kuwa nusu ya hapo, ingawa kwa magari ya mizigo yanayotoka barabara za vumbi, cha kwanza kiongezwe.

Maji yahame kutoka chumba hadi chumba kwa tundu la chini au kwa bomba lenye tii, yaani kiungio chenye umbo la herufi T, mguu wake ukizama sentimita 40 hadi 50 chini ya uso wa maji. Mafuta huelea. Bomba likichota juu linachota mafuta yale yale uliyotaka kuyazuia. Sehemu ya juu ya tii iachwe wazi, ili hewa ipite na uweze kuzibua kwa waya.

Kuna kosa linaloharibu chemba nzuri: kuisafisha kisha kuiacha tupu. Mguu wa tii ukining'inia hewani, mafuta ya siku ya kwanza yanapita moja kwa moja. Kila baada ya kusafisha, jaza maji safi mpaka yaanze kutoka, ndipo ufungulie kazi. Kosa jingine ni sabuni nyingi. Sabuni kali huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno, hayapandi tena hata yakikaa saa mbili. Injini zenye grisi zifutwe kwanza kwa matambara au vumbi la mbao, halafu ndipo zioshwe.

Na mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Uwanja wa mita za mraba 200 ukipigwa na milimita 30 kwa saa moja, jambo la kawaida wakati wa masika, unapokea lita 6,000, mara tano ya uwezo wa chemba tuliyoijenga hapo juu. Maji hayo yanasukuma nje mafuta yote ya wiki nzima. Ezeka sehemu ya kuoshea, jenga tuta la sentimita 10 kuizunguka, na maji ya paa yaende kwenye mtaro wake peke yake. Wakaguzi huuliza kuhusu maji ya mvua mara kwa mara kwa sababu mafuriko ya Jangwani na mabonde mengine hubeba kila kilichoachwa juu ya ardhi.

Safisha chumba cha mchanga kikijaa robo ya kina. Tope lake lina mafuta, hivyo ni taka hatarishi. Lisirundikwe kando ya ukuta wala kutumika kujazia shimo barabarani. Liwekwe kwenye pipa lenye mfuniko.

Kupima maji

Sampuli ichukuliwe kwenye tundu la kutokea, siku ya kazi, saa ya magari mengi. Kipimo cha alfajiri kabla ya gari la kwanza kinatoa namba nzuri ambazo mkaguzi atazikanusha siku atakayopima mwenyewe. Chupa ya kupimia mafuta iwe ya kioo, ijazwe moja kwa moja bila kuhamishwa kutoka ndoo, kwa sababu mafuta hunata kwenye plastiki. Chupa zikae kwenye barafu na zifike maabara siku hiyo hiyo, la sivyo kipimo cha BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu, hakina maana. Kwa maji yanayoachwa kwenye mazingira, kiwango cha Tanzania TZS 860 kinataka BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali) isizidi 60, chembe zinazoelea zisizidi 100, na pH, kipimo cha uasidi, iwe kati ya 6.5 na 8.5. COD ndiyo inayowashinda wengi, na chanzo chake ni sabuni.

Ukiunganishwa na bomba la majitaka la DAWASA, uwe na makubaliano yao. Ukitumia shimo, tunza risiti za gari la kunyonya zenye tarehe, ujazo na mahali lilipomwaga. Kisima chako kiwe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Oili chafu, filta na betri

Madumu ya oili yasimame juu ya sakafu ya zege, chini ya paa, ndani ya ukuta mfupi unaoweza kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote. Kwa pipa la lita 200 hiyo ni lita 220. Sakafu ya mita 2.4 kwa 1.2 yenye ukuta wa sentimita 15 inabeba lita 432, na hata ukiondoa nafasi wanayochukua mapipa manne, inatosha. Usiweke tundu la kutolea maji kwenye ukuta huo. Filta zitobolewe na kuning'inizwa zichuruzike usiku kucha. Betri zisimame wima juu ya plastiki nene, zisimwagwe asidi.

Suala zito ni nani anachukua. Wapo wanaonunua oili chafu kwa dumu ili kupaka mbao zisiliwe na mchwa au kupaka maboksi ya zege, na mafundi huwauzia kwa nia njema kabisa. Oili hiyo inaishia ardhini. Mpe mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi, chukua nakala ya kibali na uangalie tarehe ya mwisho, na kila mzigo uwe na hati yenye kiasi, tarehe, namba ya gari na sahihi ya anayepokea. Kisha linganisha: ukinunua lita 400 za oili mpya kwa mwezi na hati zinaonyesha lita 60 tu zilizotoka, mkaguzi atauliza nyingine ziko wapi. Sehemu huungua na kuvuja, lakini si kiasi hicho.

Kelele na mengineyo

Kompresa na jenereta vihamishwe mbali na ukuta wa jirani, viwekewe mipira chini. Viwango vya kelele ni vikali zaidi kwenye makazi, na vikali zaidi usiku, hivyo kazi ya kugonga bodi iishe jioni. Rangi ipigwe ndani ya chumba chenye feni na kichujio. Usichome matambara wala tairi. Kumbuka pia umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, ambamo sheria hairuhusu shughuli za kudumu.

Siku yenyewe

Teua mtu mmoja wa kuongozana na mkaguzi, awe anajua mabomba yanapita wapi. Omba kuona kitambulisho, kiandike kwenye daftari la wageni. Funua vifuniko vyote vya chemba kabla hajafika. Akichukua sampuli, omba chupa ya pili ya sehemu ile ile uipeleke maabara yako. Usilijibu usilolijua. Sema utaleta jibu kwa maandishi, na ulilete.

Akikupa amri ya kurekebisha, soma muda uliowekwa na uanze kesho yake. Jibu kila kipengele kwa namba yake, weka picha ya kabla na ya baada zilizopigwa kutoka mahali pamoja, na stakabadhi za vifaa. Kazi isipowezekana ndani ya muda, omba nyongeza kabla muda haujaisha, ukionyesha kilichokwisha kufanyika. Barua ipelekwe ofisi ya kanda ya NEMC, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.