Fanya kozi ya pombe ya mtandaoni kabla hujaripoti chuo

Wadogo zangu mnaoripoti TUM (Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa) na kolej zingine hapa Mombasa, hii ifanyeni mkiwa bado nyumbani, kwa sababu wiki ya kwanza ya hosteli mialiko haiishi, leo besdei kesho klabu za Mtwapa, na ukifika hujaamua basi wenzio watakuamulia.

Marekani vyuo vingi humpa mwanafunzi mpya kozi ya kujikinga na madhara ya pombe, kama AlcoholEdu, aifanye kwa kompyuta yake mwanzo wa mwaka wa kwanza. Wewe chuo kisipokutumia kitu anza na AUDIT, yale maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji wako, ni bure na hayamalizi bando. Jifungie chumbani peke yako ujibu ukweli, sio vile mamako angependa kusikia. Alama ni 0 mpaka 40, ukifika 8 jua unywaji wako ushaanza kuwa na hatari.

Sasa wengi wanaharibu kwa kuhesabu. Mtu anaulizwa amekunywa vingapi anajaza 1 eti kwa sababu alinunua chupa moja! Kwa hesabu ya hilo shirika kinywaji kimoja ni gramu 10 za alkoholi, kwa hivyo bia ya mililita 500 ya asilimia 5 ni viwili, na ile robo ya spiriti ya mililita 250 ya asilimia 40 ni karibu vinane, yaani vinane mtu anavimaliza kabla matatu haijafika Mtwapa. Chukua kile kikombe cha dawa ya kikohozi upime maji mililita 30 umwage kwa glasi ya chai, hicho ndicho kimoja cha spiriti, kinafunika kitako tu. Mnazi nao hauna lebo na unazidi kuchacha, wa asubuhi na wa jioni si sawa, usiukadirie chini.

Hata kama hunywi, ile sehemu ya kozi ya dalili za hatari za mtu aliyezidisha pombe usiiruke nakuomba. Mwaka wangu wa kwanza tulimlaza mwenzetu chali tukamfunika leso tukasema alale itaisha, na alikuwa haamki hata ukimfinya, ni Mungu tu. Mtu kama huyo mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi, usimpe kahawa wala kumwagia maji, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama mnaogopa mlezi wa hosteli. Na 1192, laini ya msaada ya NACADA (mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya), isevu kwa simu, haikati kredo.