Kadi mbili za grafiki kwa ajili ya gemu, soma hii kwanza

Kabla hujachomeka kadi ya pili cheki gemu unazocheza zinasapoti kadi mbili au la, maana nyingi za sasa hazisapoti kabisa, ile ya pili itakaa tu inakula umeme na kuongeza joto. Na memori haijumlishwi jamani, kadi mbili za GB 8 kwenye gemu kwa kawaida bado ni GB 8! Nvidia, watengenezaji wa kadi, waliacha 2021 kutoa profaili mpya (mipangilio ya kila gemu) za SLI, yaani mfumo wao wa kutumia kadi mbili pamoja, na kadi zao za RTX za 40 hazina hata pa kuchomeka daraja la kuziunganisha. Mi nakushauri uza ya zamani, ongezea hela, chukua moja yenye nguvu, ila hakikisha pawa saplai inaimudu. Kama unarenda 3D (kutoa picha au video za 3D) kwenye programu ya Blender, hapo mbili zinalipa kweli.